Seva ya Mgeta na Vifaranga vya Sista Koleta

Neema, aliyekalia kiti changu tangu nistaafu, alinipigia simu juzi akitaka nimwandikie namna nakala rudufu za hospitali yetu zinavyopelekwa kwenye seva ya Mgeta. Nikamwambia maelekezo yapo kwenye kompyuta, tena yana picha. Akasema ameyasoma yote na yanaeleza kila kitu isipokuwa mambo mawili: kwa nini ndani ya seva ile kuna manyoya ya kuku, na kwa nini nakala zikikwama mtu wa kwanza kupigiwa simu ni mtawa. Nikaona kweli hayo hayaingii kwenye picha. Ndiyo maana nimeketi hapa barazani kwangu nikiandika, na mke wangu ananitazama kwa mashaka.

Vyeo sitavieleza, maana kila nilipopandishwa nilirudi kwenye kiti kilekile chenye mguu uliofungwa waya. Mishahara nayo tuiache, tusije tukaharibu siku.

Nilianza kazi nikiwa kijana mwenye cheti cha kompyuta na maringo yaliyokizidi cheti. Nilitegemea kukuta chumba chenye vioo na ubaridi. Nikapelekwa kwenye stoo ya zamani ya magongo na viti vya magurudumu, na humo nikamkuta mkuu wangu, Mzee Sengo, amepiga magoti akiipuliza kompyuta kwa mdomo. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kugeuka. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa brashi ya kupakia rangi, mpya, akasema vumbi la Morogoro linaua mashine kuliko virusi, kwa hiyo nianzie nyuma. Nilidumu na brashi ile mpaka nywele zikaisha, zake na zangu.

Siku zile hospitali ilikuwa na seva moja, na nakala tuliziandika kwenye kanda za sumaku. Kila Ijumaa Mzee Sengo alitia kanda mkobani, akapanda baiskeli yake, akaenda kuifungia kwenye sanduku la kanga za mkewe. Alisema hospitali ikiungua, nakala iliyokuwa ndani yake imeungua nayo, kwa hiyo nakala sharti ilale nyumba nyingine. Mkewe alilalamika kwamba kila akienda harusini ananukia chumba cha kompyuta. Kabla kanda haijaandikwa upya, mzee aliirudisha kazini, akaifungua na kusoma ukurasa mmoja mwanzo hadi mwisho. "Nakala usiyoisoma ni tetesi," aliniambia. Baadaye nilihudhuria semina nyingi za wataalamu wenye suti na slaidi, na sikusikia jambo lililozidi hilo.

Vipuri vilitoka Dar kwa basi. Nilikuwa naenda stendi ya Msamvu kupokea diski iliyofungwa kwenye boksi la biskuti, nikagombana na kondakta aliyeilaza chini ya gunia la dagaa. Diski mojawapo ilitutumikia miaka mingi bila kosa, ila kila ilipopata moto chumba kizima kilinuka dagaa, na paka wa jikoni walihamia mlangoni kwetu. Mzee Sengo aliwakaribisha kwa sababu ya panya, ambao walipenda sana waya za bluu na hawakugusa za kijivu. Sijui kwa nini hadi leo.

Mzee alipostaafu aliniachia bisibisi zake na ile kauli kuhusu tetesi. Muda si mrefu mambo yakabadilika. Hospitali ikaacha mafaili ya karatasi, wagonjwa wote wakaingizwa kwenye hifadhidata moja, na hifadhidata hiyo ikawekewa seva mbili badala ya moja. Zinafanya kazi kwa pamoja: ya kwanza ikianguka, ya pili inaipokea hifadhidata na kuendelea, na daktari aliyeko wodini hajui kama kuna jambo limetokea. Mpango huo unaitwa klasta. Ni mpango mzuri, ila seva zote mbili zilikaa chumba kimoja, chini ya paa moja, na mimi nilikuwa nimelelewa na mtu wa sanduku la kanga. Nikaanza kuomba tupate mahali pa mbali pa kuhifadhi nakala.

Nilikuwa na sababu nyingine, ambayo sikuisema kwenye vikao. Dada yangu ana binti anayeitwa Devota, mgonjwa wa sikoseli tangu utotoni. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Anaweza kulala na kula kwa baba yake, lakini likitokea jambo zito anaitwa mjomba, na mjomba wa Devota ni mimi. Aliwahi kuongezewa damu mara nyingi, mpaka mwili wake ukajifunza kuikataa damu ya watu wengi hata ikiwa ya kundi lake. Mara moja alikaribia kututoka. Daktari Shabnam, mkuu wa kliniki ya sikoseli, mtoto wa wenye duka la vitambaa pale mjini, alihangaika na maabara hadi za Dar mpaka ikajulikana ni damu ya aina gani hasa anayoweza kupewa. Majibu yale yaliandikwa kwenye hifadhidata. Devota alipewa na kadi ya kutembea nayo, akaifua pamoja na sketi yake. Kwa hiyo usalama wa mpwa wangu ulikuwa ndani ya zile seva mbili, mahali pamoja tu duniani, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa mlango.

Kamati ilikaa kuchagua mahali. Mjumbe mmoja alipendekeza Dumila kwa hoja ndefu sana za kiufundi, na mwishoni ikafahamika kwamba ana shemeji mwenye fremu za maduka za kupangisha Dumila. Mimi nilipendekeza Mgeta, juu mlimani, kwenye zahanati ya masista inayoshirikiana na hospitali yetu. Kule baridi ni ya bure, haihitaji kiyoyozi. Umeme wao wa maporomoko ya mto haukatiki kama wetu, na minara ya redio ingeweza kurushiana data hadi mjini. Mgeta ikashinda, hasa kwa sababu ya hiyo bure.

Nikapanda na seva mpya ya kuhifadhia, nimeipakata njia nzima, hadi kwa mkuu wa zahanati, Sista Koleta. Ni Mnyamwezi wa Tabora. Kwa wasiojua, niseme tu kwamba Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukucheka msibani na kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, nawe huna ruhusa ya kununa. Nilimsalimu kwa Tumsifu Yesu Kristo, akaitikia milele amina kwa upole wa kitawa. Kisha akauliza mimi ni mtu wa wapi. Nilipomwambia, upole ukaisha palepale. Akaniuliza kama nimejifunga kamba kiunoni, maana amesikia Waluguru mashamba yao yana mteremko mkali kiasi kwamba hata maboga wanayafunga yasibiringike hadi mjini. Nikamwuliza kwa nini hakuja kuipokea seva Msamvu apande nayo kichwani, kwani upagazi wa misafara ndiyo kazi iliyowatoa Wanyamwezi kwao. Tangu hapo tukawa marafiki.

Alitupa chumba kidogo nyuma ya stoo ya kabichi. Nikafunga mashine, nikaenda zangu. Mjini, mimi na Neema, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, tulifungua programu ya nakala, tukaingia kwenye mipangilio ya seva ya kwanza tukaandika nakala ziende Mgeta, tukaingia kwenye ya pili tukaandika vivyo hivyo. Nakala zikaanza kupanda. Njia ya redio ni nyembamba, kwa hiyo mzigo wa kwanza ulichukua siku nyingi, na siku zote hizo seva ya Mgeta ilifanya kazi bila kupumzika na kutoa joto upande wa nyuma.

Sista Koleta hakujali nakala zimefika ngapi. Alichojali ni joto. Anafuga kuku, na huko juu vifaranga hufa kwa baridi hata mama yao akiwafunika. Alipopita nyuma ya seva na kuhisi hewa ya moto ikimpiga kwenye vifundo vya miguu, aliona Mungu amejibu. Akaleta maboksi ya vifaranga akayapanga nyuma ya mashine, na wote wakakua. Nilipokwenda ukaguzi nikawakuta wanapiga kelele kwenye chumba cha seva, na nilimweleza kwa heshima zote kwamba kila kitabu cha taaluma yetu kinakataza. Akaniuliza ni ukurasa wa ngapi unaotaja kuku. Tukakubaliana nitaweka wavu, nao hawatapita wavu, ila manyoya hayakuwa sehemu ya makubaliano.

Baadaye kidogo simu zikaanza.

"Mluguru, mtoto wako huku amekufa," alisema Sista Koleta. "Amekuwa wa baridi. Njoo uzike."

Nikamjibu kwamba sisi hatuziki bila watani kuchimba kaburi, kwa hiyo achukue jembe aanze, nitamkuta. Akacheka, nikacheka, tukaaga. Ripoti ya programu kila asubuhi ilikuwa ya kijani, neno "imefanikiwa" kwenye kila mstari. Wiki iliyofuata akapiga tena akisema mashine niliyomletea ni ya Kiluguru kweli, imelala tangu Jumatatu. Nikamwambia inajifunza kwa mwenye nyumba. Kisha Fuso la kabichi likamshushia Neema boksi lenye jina langu, na ndani mlikuwa na vifaranga watatu waliokufa, wamefungwa kitambaa cheupe vizuri, na ujumbe kwamba wafiwa wanasubiri chakula. Ofisi nzima ilikuja kuangalia. Niliwazika chini ya mti wa mjohoro karibu na maegesho, nikampelekea mtani wangu dagaa kwenye mfuko mweusi, kwa ajili ya matanga.

Tulicheka hivyo kwa muda mrefu. Ningali nikicheka simu ilipoita asubuhi moja, nikaona jina lake na kuandaa tusi langu.

"Ndugu Mkude, habari za asubuhi," alisema. "Habari za familia? Naomba radhi kwa kukusumbua kazini."

Nilisimama. Tangu nimfahamu hakuwahi kuniita Ndugu, wala kuomba radhi. Nikamwuliza ni nani amefariki.

"Hakuna aliyefariki. Nasema mashine yako haina joto. Nimekwambia kwa utani, ukanijibu kwa utani, na mimi nikaendelea, kosa letu sote. Sasa nakwambia bila utani, ndugu yangu."

Sijawahi kuogopa hivyo kwa maneno ya adabu. Nilichukua gari la hospitali asubuhi ileile. Kule juu ukungu ulikuwa umeingia hadi stoo ya kabichi. Sista alinipokea mlangoni, akanipeleka nyuma ya seva, nikaweka kiganja pale palipotakiwa kuwa na moto. Palikuwa na ubaridi wa ukuta. Diski za mashine ile hujilaza zenyewe zikikosa kazi, na hizi zilikuwa zimelala fofofo. Nikafungua kuona kilichomo. Kulikuwa na mafaili ya seva zenyewe, programu zake, picha za zamani za eksirei, vitu vilivyopanda ule mwanzo na kubadilika kidogo sana baada ya hapo. Hifadhidata ya wagonjwa haikuwemo. Haikuwahi kuwemo hata siku moja.

Nilishuka mlima nikimwaza Devota. Dereva alijaribu kuniongelesha kuhusu mpira, akaacha.

Neema ndiye aliyelishika jambo. Tulikaa naye mbele ya skrini siku nzima, yeye akisogeza kipanya na mimi nikihema. Programu ya nakala ilitambua majina matatu: la seva ya kwanza, la seva ya pili, na la klasta. Mafaili ya kila seva yalisafiri kwa jina la seva yake, na hayo tuliyapangia Mgeta. Lakini hifadhidata, kwa kuwa leo inaweza kulala seva hii na kesho ile, husafiri kwa jina la klasta. Kwenye jina hilo hatukuandika kitu. Programu isipoambiwa pa kwenda huangusha mzigo kwenye diski iliyo jirani, na jirani ilikuwa diski iliyokaa chini ya meza ileile, hatua moja kutoka kwenye seva. Ripoti haikudanganya. Nakala zilifanikiwa kweli, zilifanikiwa hapo hapo chumbani.

Neema ni Mchaga wa Kibosho, na kwao nyumba ya baba ndiyo yenye neno la mwisho, kwa hiyo aliniuliza mara mbili inakuwaje seva zote mbili zimeamriwa na bado hifadhidata haijatii. Nikamweleza kwa mfano wa kwetu. Devota analala kwa baba yake. Ukitaka kumposa unaweza kuongea na baba yake mpaka jua lizame, atakupa chai na kukusikiliza kwa adabu, na posa haijapelekwa. Hujaongea na upande wa mama. Sisi tuliongea na nyumba mbili, tukanywa chai mbili, tukasahau ukoo. Neema akasema hiyo ingeandikwa kwenye mwongozo wa programu angeelewa siku ya kwanza. Tukafungua mipangilio ya klasta, tukaandika Mgeta, tukabonyeza kuhifadhi.

Hiyo ndiyo hatua yenyewe, vijana. Msipeleke maagizo kwa mashine mojamoja mkadhani mmemaliza. Tafuteni jina ambalo hifadhidata husafiri nalo, mliambie hilo, kisha mwende mkaguse.

Mimi sikuridhika mpaka nisome. Nilimwomba Daktari Shabnam achague mgonjwa ambaye yuko kliniki na atakubali ukurasa wake ufunguliwe kutoka kwenye nakala ya Mgeta. Akamchagua Devota, aliyekuwa kwenye benchi akila karanga. Ukurasa ukafunguka, na chini kabisa yalikuwepo maelezo ya damu yake, neno kwa neno. Devota alitazama skrini akasema kumbe anajulikana mpaka Mgeta. Kesho yake Sista Koleta alipiga simu kuniambia mashine inachoma, vifaranga wamevua makoti, na mimi ni mvivu wa ukoo wa wavivu. Nikashukuru nikarudi kwenye chai yangu.

Masika yaliyofuata yakaja kwa fujo. Hospitali ilikuwa imeweka simtanki kubwa la maji juu ya paa letu, kwa kuwa ndilo lenye zege imara, na zege lilitiwa kwa ajili ya chumba cha seva. Kila mtu alikuwa amefikiri vizuri, ila kila mmoja peke yake. Asubuhi moja tanki likapasuka. Nilipofungua mlango maji yalinipita miguuni kama mtu mwenye haraka, seva zote mbili zilikuwa zimenyamaza, na ile diski ya chini ya meza ilikuwa inaelea. Nikapiga Mgeta kwa njia ya redio, hakuna. Radi ilikuwa imepiga mnara wa katikati. Fundi alisema kuurekebisha ni siku kadhaa, mvua ikipenda.

Siku ya pili ya hali hiyo, tukiandika wagonjwa kwenye karatasi kama zamani, dada yangu alimleta Devota. Baridi na mvua vilikuwa vimemwangusha, hemoglobini ilishuka vibaya, midomo yake ilikuwa imepauka. Daktari Shabnam alimpima akaja moja kwa moja kwangu akiwa bado na glavu.

"Mzee Mkude, anahitaji damu leo," aliniambia. "Nakumbuka kuna aina alizokataa, sikumbuki zote. Siwezi kubahatisha. Nipatie ukurasa wake."

Nikampigia Sista Koleta. Nilimweleza kwamba redio imekufa, kwamba nakala haiwezi kusomwa hukohuko, na njia iliyobaki ni kuizima mashine na kuishusha yenyewe mjini. Nilijua anachofikiria, maana kundi jipya la vifaranga lilikuwa limetotolewa wiki ileile, na mlima wote ulikuwa kwenye mvua. Akauliza ni kwa ajili ya nani. Nikamwambia ni Devota, mpwa wangu. Nikaongeza, "Nakuomba, dada." Nilijisikia nikisema dada, na yeye alisikia.

"Usiniite hivyo, unanitisha," akasema. "Nakuja."

Nilisubiri getini na mwavuli uliovunjika mbavu. Sijui nilisubiri kiasi gani, sikuwa na moyo wa kutazama saa. Fuso la kabichi lilipoingia, kwenye kiti cha abiria alikuwa amekaa Sista Koleta, amepakata seva yetu iliyoviringishwa blanketi lake la kitandani, na juu ya seva, ndani ya blanketi hilohilo, vifaranga wote walikuwa wamejipanga wakinywa joto la mwisho lililobaki kwenye chuma. Dereva alikuwa amevua koti lake akaziba upepo wa mlangoni. Sista alishuka matopeni akaiinua mashine kichwani, blanketi, kuku na vyote, akakataa mikono yangu, akatembea nayo hadi ukumbi wa maabara.

Aliposhusha alinigeukia. "Andika kwenye ripoti yako kwamba mpagazi amefika."

Neema alikuwa ameazima kompyuta kubwa ya uhasibu na kuiandaa kupokea hifadhidata. Tukaiwasha seva ya Mgeta palepale kwenye meza ya sampuli. Diski zikaanza kuzunguka, hewa ikaanza kupata moto, na kabla sijasema neno Sista alikuwa ameshapanga vifaranga upande wa nyuma. Watu wa maabara waliingia wakatoka, hakuna aliyethubutu kuuliza. Daktari Shabnam alisimama nyuma yangu muda wote. Mstari wa maendeleo kwenye skrini ulisogea polepole, vifaranga wakalia, na mimi nilikuwa naomba kwa lugha zote ninazozijua, moja nikiwa siijui vizuri.

Ukurasa ukafunguka. Daktari aliusoma mwanzo hadi mwisho, akanakili mistari ya chini, akakimbia kwenye benki ya damu. Nilimsikia akiwasomea mmoja mmoja vitu ambavyo mwili wa mpwa wangu hauvitaki. Chupa mbili za kwanza zilikataliwa kwenye vipimo, na zote mbili zilikuwa za kundi lake. Ya tatu ikafaa. Nilikaa kando ya kitanda nikitazama ile damu ikishuka tone kwa tone, na rangi ikarudi midomoni mwake kabla jua halijazama. Hapo nililia. Nililia mbele ya Mnyamwezi, jambo ambalo litasimuliwa siku ya mazishi yangu, na nimeshakubali.

Baada ya hapo tanki lilihamishiwa juu ya ofisi ya utawala, ambako hakuna cha kuharibika. Klasta mpya ikaja, na siku ya kuifunga Neema alianza kwa kuandika Mgeta kwenye jina la klasta kabla hata hajaondoa nailoni kwenye seva. Seva ya Sista ikarudi mlimani na manyoya yake. Nilistaafu muda mfupi baadaye. Kwenye sherehe walinipa saa ya ukutani, na Sista Koleta alinipa jogoo kutoka lile kundi lililosafiri kwenye blanketi, kisha katikati ya hotuba ya mkurugenzi akamchukua tena, akasema amekumbuka mimi ni Mluguru, nitamfunga kamba.

Kwa hiyo, Neema, jina la mtawa lipo juu kwenye orodha kwa sababu ripoti ya kijani itakwambia nakala imefanikiwa, haitakwambia imelala wapi. Yeye anajua, maana kuku wake wanajua. Mimi mwenyewe sina tena nenosiri la kuingia kwenye mfumo, na wala silihitaji. Devota huja kwangu mara kwa mara, amenenepa kidogo, anafundisha chekechea. Leo asubuhi simu yangu ililia nikiwa naandika ukurasa huu, akaipokea yeye, akasikiliza, akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Mjomba, ni Sista Koleta. Anasema wewe ni mzee mvivu, boga lililokatika kamba, na anashangaa hujafa. Nimwambie nini?"

"Mwambie asante," nilisema. "Mwambie nimefurahi kusikia mashine ina joto."